Usuhuba wa Wanafunzi Ugenini

Kijana wetu wa Mto Tana, awe wa Nanighi au wa Garsen, akipata nafasi ya kwenda kusoma nchi ya mbali, wazee humwuliza mambo matatu: utasoma nini, utarudi lini, na nauli atalipa nani. Swali la nne halina mwenye kuliuliza, nalo kwetu ndilo kubwa: utakaa chumba kimoja na nani? Kwani mwalimu atakuwa naye kwa saa chache za mchana, ama mwenzi wa chumba ndiye atakayemwona alfajiri, akiamka kuswali au akijifunika shuka.

Wanazuoni wetu hawakulidharau jambo hili. Imamu Ghazali katika Ihya Ulumiddin amefanya kitabu kizima cha udugu na usuhuba, akazihesabu haki za sahibu kuwa nane, na ya kwanza akaifanya ni ya mali. Na Al-Azhar kwa karne nyingi iliwakalisha wageni wake katika riwaq, kila watu na yao: Wamaghribi mbali, Waturuki mbali, na watu wa Zayla na Habasha katika riwaq ya Jabarti. Mpango huo ulikuwa na rehema ndani yake, kwa kuwa mgeni alimkuta ajuaye lugha yake. Lakini pia mtu aliweza kukaa Misri miaka kumi akarudi kwao hamjui ila wa kwao. Mwaka 1959 ulipofunguliwa Cairo mji wa wanafunzi wageni, Madinatul Buuth, na mwaka 1961 kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, vijana wa nchi nyingi walikutanishwa mahali pamoja. Kuta za riwaq zilizobaki ni zile ambazo mtu hujijengea moyoni.

Sasa na tuitazame hali yetu. Huku kwetu mkulima ataka ukingo wa mto kwa migomba na mahindi yake, na mfugaji ataka malka, njia ya kuteremshia ng'ombe majini. Kwa ajili ya mambo haya na ya siasa iliyochanganyikana nayo, Wapokomo na Waorma walipigana katika Delta ya Tana mwaka 2012 hata mwanzo wa 2013, wakafa watu zaidi ya 100, wamo wanawake na watoto. Katika pande zote mbili walikuwamo watu wanaoelekea kibla kimoja. Basi tuseme mtoto wa mkulima na mtoto wa mfugaji wamekutana Madina katika chumba kimoja. Watapika pamoja na kula sinia moja, watafundishana nahau, mmoja akiugua mwenziwe atakesha naye. Huko wote wawili huitwa Wakenya, na pengine huitwa Waafrika tu, basi! Usuhuba wao ni wa kweli, sisi hatuukanushi. Lakini bado haujapimwa, kwa sababu huko hapana shamba la kukanyagwa wala ng'ombe mwenye kiu.

Yasimuliwa katika Sira kwamba Aus na Khazraj, waliopigana miaka mingi hata vita vya Buath, walikuwa baada ya kusilimu wameketi wakizungumza kwa mapenzi. Mtu mmoja aliyechukizwa na umoja wao akamtuma kijana akae nao awakumbushe Buath na mashairi ya siku ile. Mara wakaitana silaha, hata Mtume S.A.W. akawajia akawatuliza, wakakumbatiana wakilia. Leo kijana yule hana haja ya kutumwa, simu yatosha. Habari ya kijiji kilichochomwa hufika chumbani kabla ya chakula cha usiku kuiva.

Wanafunzi wengi huikimbia hatari hii kwa kunyamaza. Hupatana, bila ya kusema, kwamba mambo ya nyumbani hayatajwi. Wako wanaousifu mwenendo huu kuwa ni adabu. Sisi twauona kuwa ni ruhusa ya siku za mwanzo tu. Sahibu ambaye huwezi kutamka mbele yake neno malka hujampa haki yake, na nafsi yako pia umeinyima malezi, kwani lililokupeleka ugenini si kuhifadhi mutuni peke yake. Na ampe mwenziwe nafasi aeleze ng'ombe wa baba yake walikufaje mwaka wa ukame, naye asimkatize. Kisha aeleze yeye shamba la mamake lilivyoliwa usiku mmoja. Huenda wakakasirikiana siku mbili. Sinia itawarudisha.

Mtu atasema: wanafunzi wawili watafanya nini mbele ya bunduki? Kweli, kidogo sana. Visima, mipaka ya mashamba na uadilifu wa serikali vina nguvu kuliko mapenzi ya vijana. Lakini mkutano wa amani hukosa kitu kimoja ambacho hawa wanacho: mtu wa upande wa pili ambaye neno lake laaminiwa.

Basi kijana akirudi Nanighi akaulizwa barazani alikuwa akikaa na nani, asijibu, "Na Waislamu wenzangu." Amtaje mwenziwe kwa jina lake na kwa kabila lake. Pengine baraza itanyamaza. Na mwenziwe huyo akipita njia kwenda kwao, alale nyumba hiyo, na asubuhi wazee wawaulize wote wawili malka yafaa ipite wapi.