Ushahidi wa Mchanga



Alhamdulillah, swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba wake.

Ndugu zangu katika imani, Januari iliyopita nilijitolea kwenda kuhesabu ndege Lutembe, ile ghuba ya Ziwa Victoria upande wa barabara ya Entebbe. Shirika la NatureUganda huendesha hesabu ya ndege wa majini kila Januari na Julai. Lutembe imo tangu 2006 katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, na Januari hujaa buabua, ndege wadogo weupe wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia.

Kuhesabu kundi linaloruka si mchezo. Unahesabu kumi, unaangalia kumi hao wanachukua nafasi gani, kisha unapima kundi zima kwa kipimo hicho. Mara ya kwanza nilisema elfu moja. Mzee aliyetuongoza akaniuliza, "Umeona elfu, au umependa wawe elfu?" Nikahesabu upya: mia sita na kitu. Suratul Israa inatukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo, kwa kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Aya hiyo nimeisoma darasani mara nyingi, lakini si nikiwa na darubini mkononi.

Fomu ile ina upande wa pili: shughuli za binadamu ufukoni. Mitumbwi mingapi, nani anachota mchanga, nani anaosha pikipiki, taka ziko wapi. Chini ya mti mmoja nilikuta chupa, sahani za plastiki na kaveera zenye mifupa ya kuku, na kaloli 14 wakigombania. Sahani zilikuwa za kijani. Nilizijua. Jumapili iliyotangulia nilizigawa mimi mwenyewe, zikiwa na pilau, katika safari yetu ya wanafunzi. Tuliondoka mbio, dereva anapiga honi, kila mmoja akidhani mwenzake ataokota.

Penye nafasi ya waliosababisha nilitaka kuandika "wageni". Si tulikuwa wageni kweli? Nikajiambia nalinda jina la Uislamu, na kwamba kumsitiri Muislamu ni jambo la thawabu.

Shetani naye amesoma, jamani. Kusitiri ni kwa aibu ya mtu binafsi. Taka zile ziligusa haki za wavuvi, za watoto wanaooga pale, na za ndege ambao Suratul An'aam inawataja kuwa ni umma kama sisi. Suratun Nisaa nayo inatuamrisha kushuhudia kwa haki hata dhidi ya nafsi zetu. Mtume (S.A.W.) aliwaonya wanaojisaidia penye maji, njiani na kivulini wanapopumzika watu. Mimi sioni kwa nini mifupa yetu ya kuku iwe nje ya onyo hilo.

Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba hatua chache kutoka kwenye zile sahani ndipo tuliposali Adhuhuri kwa jamaa. Suratuz Zilzala inatueleza kuwa ardhi itatoa habari zake, na Mtume akafafanua kuwa itamshuhudia kila mja kwa aliyoyatenda juu ya mgongo wake. Tunapenda sana kukumbushana kwamba itazitaja sijda zetu. Itazitaja, na sahani pia.

Nikaandika: "Kundi la wanafunzi, nami nikiwemo." Mzee akasoma, hakusema kitu, akanipa gunia. Kaloli hawakutaka kuondoka. Ilibidi niokote katikati yao.

Hesabu inayofuata ni Julai. Jina langu limo, na nafasi bado zipo. Atakayekuja aje na sahani yake ya bati.

Wabillahi tawfiq.