Dhambi ya Waya Mwembamba

Je, fundi aliyefunga skrini kubwa ya LED katika nyumba ya ibada kwa waya usiotosha ana kosa hata kama moto hautazuka kamwe? Wengi husema pasipo madhara hapana kosa. Mimi nakataa, na ushahidi umo kwenye skrini yenyewe. Paneli nyingi hutumia volti 5, ambazo hazimpigi mtu shoti, ndiyo maana hudharauliwa. Lakini pawasaplai moja ya wati 200 hutoa hadi ampia 40, na ampia zikizidi mara mbili, joto la waya huzidi mara nne. Waya uliozidiwa huonya mapema: volti hupotea njiani, taa za buluu na kijani, zinazohitaji volti nyingi kuliko nyekundu, hufifia kwanza, na picha nyeupe huanza kuwa nyekundu kwenye paneli za mwisho. Fundi anayeiona rangi hiyo kisha akairekebisha kwa kompyuta, badala ya kuongeza njia nyingine ya umeme, ameshachagua. Kosa lake limekamilika hapo, cheche iruke isiruke.

Utasikia kwamba ajali ni kudra. Lakini Mtume Muhammad (s.a.w.) alimwagiza mtu amfunge ngamia wake ndipo atawakali, na Torati, katika Kumbukumbu 22:8, inamtaka ajengaye nyumba mpya aweke ukingo darini asije akabeba damu ya atakayeanguka. Sheria hiyo haingoji mtu aanguke. Wajibu unaanza siku ya ujenzi. Waya wa ethi na fyuzi vimo katika wajibu huohuo.

Hoja ngumu zaidi ni ile waliyoijadili wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel mwaka 1976: mafundi wawili walifanya uzembe uleule, ukumbi mmoja ukaungua, mwingine ukasalimika, nasi tunamlaumu mmoja tu. Nakubali kwamba fidia na majuto haviwezi kulingana. Hatia ya kuchagua, hata hivyo, ni moja, maana wakati wa kuchagua hakuna aliyejua bahati yake. Na fundi akidai kwamba wazee wa kanisa au kamati ya msikiti ndio waliobana bajeti? Basi nao wameingia hatiani, lakini yeye hatoki. Wao huenda hawajui kwamba skrini hula umeme mwingi kupita wakati wote inapokuwa nyeupe tupu, na kwamba waya hupimwa kwa mzigo huo. Yeye anajua, na waumini wameketi chini ya kazi wasiyoweza kuikagua.