Maumivu ya Mgongo na Swali la Majaaliwa Mkoani Simiyu

Katika mkoa wa Simiyu nchini Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2012 na ambao makao yake makuu ni Bariadi, pamba ndiyo inayopanga mwaka wa kaya nyingi, na kwa kuwa palizi na uchumaji wake hufanywa zaidi kwa mikono, maumivu ya kiuno na mgongo yamezoeleka kiasi cha kuhesabiwa kuwa sehemu ya umri, kama mvi. Mazoea hayo yanaibua swali linalohusu dini na falsafa kwa pamoja: je, maumivu hayo ni majaaliwa, yaani jambo lililokwisha kuandikwa na Mungu ambalo binadamu hana budi kulipokea, au ni matokeo ya uamuzi wa watu, ambayo yupo anayepaswa kuyawajibikia?

Mgongo umeumbwa uweze kuinama. Baina ya pingili za uti wa mgongo mna visahani laini vinavyopokea uzito na kuzuia mifupa isisagane, na vipimo vya daktari Alf Nachemson wa Sweden, alivyoanza kuvifanya katika miaka ya 1960, vilionyesha kuwa shinikizo ndani ya visahani hivyo hupanda mtu anapoinama mbele, na hupanda zaidi anapoinua mzigo akiwa katika hali hiyo. Madhara basi hutokana na kuinama kwa saa nyingi bila kubadili mkao: kupalilia kwa jembe la mpini mfupi, kufagia uwanja kwa ufagio usiofika gotini, kufua katika beseni lililowekwa chini, kisha kuinua kwa nguvu za kiuno, badala ya kupiga magoti, ndoo ya lita 20 ambayo maji yake pekee yana kilo 20. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu milioni 619 waliugua kiuno mwaka 2020, na kwa walio wengi haupatikani ugonjwa mmoja unaoweza kutajwa kuwa chanzo. Pengine ndiyo sababu majaaliwa hupata nafasi, kwa kuwa maumivu yasiyo na jina hutafutiwa maelezo mbinguni.

Wanaotetea uvumilivu wana hoja isiyofaa kupuuzwa. Kitabu cha Mwanzo katika Torati kinalihesabu jasho la mkulima kuwa hali ya binadamu tangu Adamu alipoanguka, Sura ya 90 ya Kurani inaeleza kuwa mtu ameumbwa katika taabu, na kwa Wasukuma wa Simiyu, ambao ngoma yao ya Bugobogobo huchezwa kwa majembe mikononi, kulima ni heshima. Hata hivyo, kazi kuwa wajibu hakufanyi kila maumivu ya kazi yawe wajibu. Torati hiyo hiyo inaamuru siku ya mapumziko ambayo hata ng'ombe anastahili, na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume Muhammad anamkumbusha Abdallah bin Amr, aliyekuwa akizidisha saumu na sala za usiku, kwamba mwili wake una haki juu yake. Ikiwa ibada yenyewe ina mpaka mbele ya mwili, palizi haiwezi kukosa mpaka. Subira, ambayo ni kustahimili lisiloepukika, haihusu urefu wa mpini, kwa maana mpini hukatwa na binadamu.

Jambo hilo lilithibitishwa huko California, Marekani, ambako vibarua wa mashambani walilazimishwa kutumia jembe fupi hadi mwaka 1975, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilipokubali kuwa chombo hicho kiliwadhuru. Vibarua hao walikuwa na mwajiri wa kumlalamikia, ilhali mkulima wa Bariadi au Maswa, huko Simiyu, hulima shamba la kaya yake, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003 si rahisi kumfikia huko.

Wajibu basi unarudi nyumbani, na hapo ndipo penye uzito. Plau ya ng'ombe, ambayo mara nyingi huwa mikononi mwa wanaume, huongeza ekari zinazolimwa, na kila ekari iliyoongezeka hudai palizi, ambayo kwa sehemu kubwa huwaangukia wanawake na watoto. Mwenye kaya anayepanua shamba kwa nguvu za ng'ombe na kuacha palizi kwa jembe la mkono amehamisha mzigo kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, na hana haki ya kuuita majaaliwa. Pamba iliyopandwa kwa mistari inaweza kupaliliwa kwa jembe la kukokotwa na ng'ombe wale wale. Kaya yenye uwezo wa kununua plau inapaswa kulihesabu jembe hilo la palizi kuwa deni lake la kwanza.