Kutojiamini Si Unyenyekevu

Je, mtu anayesema "mimi siwezi" ni mnyenyekevu, au anakikataa kipawa alichopewa na Mungu?

Katika 2 Samweli 9 tunamkuta Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Alianguka akiwa na miaka 5, yaya wake alipokimbia naye, akalemaa miguu yote miwili. Alipoitwa mbele ya Mfalme Daudi alijilinganisha na mbwa mfu. Daudi hakubishana naye, wala hakumpa sadaka ya siku moja. Alimrudishia mashamba ya babu yake Sauli, akampa nafasi ya kudumu mezani pake. Miguu haikupona, kilichobadilika ni nafasi yake kati ya watu.

Wapendwa, huku kwetu riziki hutafutwa kwa miguu. Mbinga tunapanda milima kwenye kahawa. Ukishuka Mbamba Bay na Liuli, watu wanasukuma mitumbwi ziwani. Kijana asiyeweza kutembea hujiona hana fungu. Lakini kazi ya kuandika programu za kompyuta hufanywa mtu akiwa amekaa. Chama cha ushirika kinahitaji programu ya kujumlisha kilo za kahawa za kila mkulima. Shule inahitaji ya kutunza kumbukumbu za ada. Hata mteja aliye Dar es Salaam anaweza kupelekewa kazi kwa intaneti, akalipa kwa simu.

Kompyuta ni ghali, na umeme hukatika. Hata hivyo, wengine huzuiwa kwanza na sauti ya ndani. Programu inagoma, kioo kinajaa ujumbe wa makosa, kijana anasema, "Hii si kazi ya mtu kama mimi." Basi ajue kwamba hata waliobobea hushinda kutwa wakitafuta kosa moja. Ujumbe ule ni habari juu ya programu, si hukumu juu ya mtu. Wamatengo hawakungoja mlima uwe tambarare. Walichimba ngoro, mashimo yanayozuia maji yasichukue udongo, wakavuna maharage na mahindi mteremkoni.

Nasi washarika tuna deni. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 2 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya watu wenye ulemavu, tuwasindikize kuiomba. Na tujihoji: fundi akiezeka paa la kanisa tunamlipa. Kwa nini basi kijana mwenye magongo akitutengenezea programu ya daftari la washarika tumwambie ni kwa ajili ya Bwana? Yesu alifundisha kwamba atendaye kazi ana haki ya ujira (Luka 10:7). Kumwombea mtu kisha kumnyima malipo yake si huruma.

Martin Luther alifundisha kwamba kila kazi halali inayomtumikia jirani ni wito. Wewe unayejiita mbwa mfu, Mfalme hakukuita hivyo. Sogea mezani, ufanye kazi yako, na utaje bei yake bila aibu.