Ulimi wa Asiyesema

Je, mtu anawiwa nini na mbwa wake? Katika miaka yangu yote ya ualimu swali hili halikunisumbua. Lilinijia nimekwisha kustaafu, nyumbani hapa Tunduma, jioni ambayo Simba, mbwa wetu, alitafuna vidonge vyangu vya diklofenaki, dawa ya magoti.

Jirani alinicheka. "Mwalimu, mbwa ni mbwa. Mnyweshe maji ya chumvi atapike, yaishe." Kumbe chumvi nyingi nayo ni sumu kwa mbwa! Mjukuu wangu aliokota karatasi iliyotafunwa, tukakodi bajaji hadi kwa daktari wa mifugo.

Daktari aliuliza mambo matatu: dawa gani, vidonge vingapi, tangu saa ngapi?

"Viwili hivi," nikajibu.

Ndugu msomaji, nilisema uongo. Niliiacha karatasi nzima juu ya kigoda, mimi niliyekuwa nikiwagombeza wengine kwa uzembe huo huo. Mjukuu wangu akainamisha kichwa, akasema polepole, "Babu, vilikuwa kumi."

Daktari hakunilaumu, ila mikono yake iliongeza kasi. Alimchoma Simba sindano ya kumtapisha, kisha akamtundikia dripu. Alitueleza kwamba dawa inayompa mzee nafuu huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake, na kwamba anayengoja dalili huenda akachelewa.

Simba alipona. Mimi ndiye niliyebaki na kidonda.

Nchi yetu inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Ni jambo jema, lakini hakuna askari ambaye angenikamata kwa neno lile "viwili". Hapo ndipo sheria inapokoma na dhamiri inapoanza. Mbwa hajui kusoma maandishi ya dawa, wala hawezi kueleza alichokula. Tumemweka mlangoni atulinde usiku. Basi akiugua, ulimi wetu ndio ulimi wake. Na anayemsemea asiyeweza kusema hana ruhusa ya kutumia ulimi huo kuficha aibu yake mwenyewe.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha, na kifo kingemchukua mwingine.

Nimewahi kuwachapa watoto kwa uongo mdogo kuliko ule. Mjukuu wangu hajanikumbusha jambo hilo hata mara moja. Vidonge sasa navifungia sandukuni, na ufunguo anao yeye.