Vitabu Viwili Visipopatana

Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili ni kweli, nasi wachungaji twalishika. Lakini liko swali ambalo methali hiyo hailijibu: Vitabu viwili vikiwa havipatani, tuamini kipi? Na mtu asiyelingana na kitabu, tumfanyeje?

Swali hili lilitupata sisi wenyewe. Mwaka mmoja tulilinganisha kitabu cha zamani cha waliobatizwa Butiama na orodha mpya ya washarika. Jina la mjane mmoja lilikuwamo katika kile cha kwanza, katika cha pili halikuwamo. Mtu akasema, "Nadhani amekwisha kufa." Tukashika kalamu, tukapiga mstari. Tena katika orodha ya Bunda mlikuwa na mama aliyeandikwa kwa jina la mjukuu wake tu, pasipo tarehe ya ubatizo. Tukadhani mwandishi amekosea, tukamwacha. Hata siku moja, sokoni Bunda, bibi mmoja akatusimamisha, akasema, "Baba Mchungaji, mbona mmenizika ningali hai?" Ndiye yule yule. Alikuwa amehamia kwa binti yake, na huko wote humwita kwa jina la mjukuu. Alikuwa ameugua miezi miwili, wala hatukwenda kumtazama, maana katika vitabu vyetu hakuwa mtu. Mistari miwili tuliyoiona kuwa makosa, ilikuwa mtu mmoja.

Wenye elimu ya nyota walikutwa na jambo lililofanana na hilo, nao walitenda vema kuliko sisi. Kwa hiyo twapenda kuwasimulia habari yao.

Wao huziandika nyota katika orodha kubwa. Huko Harvard, Marekani, mama aitwaye Annie Jump Cannon alichungua nuru ya nyota moja moja katika picha, na orodha iliyotolewa tangu mwaka 1918 hata 1924 ina nyota 225,300. Baadaye ikatolewa nyongeza, na ndani yake imo nyota yenye namba 226868, katika kundi liitwalo Cygnus, upande wa kaskazini. Jicho tupu haliioni. Ilikuwa mstari mmoja tu katika maelfu.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru wake, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa kwa neno letu: Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta angani miale ya eksirei, ile itumikayo hospitalini kupigia picha mifupa. Hewa huizuia miale hiyo isifike chini, ndiyo sababu ilipasa chombo kipande juu ya hewa. Orodha yake ya nne, ya mwaka 1978, ina vitu 339.

Kimoja chao ni Cygnus X-1, kilichokuwa kimekwisha kuonwa kwa roketi mwaka 1964. Uhuru iliona miale yake ikibadilika upesi mno. Lakini ni nyota ipi? Mwaka 1971 mawimbi ya redio yakaonyesha mahali penyewe, na walipofungua orodha ya kale, pale palikuwa na nyota 226868. Hata hivyo nyota ya namna ile haiwezi peke yake kutoa eksirei nyingi hivyo. Kitabu kimoja kilisema hivi, na kingine vile.

Basi, hawakufuta, wala hawakupiga mbiu. Walikwenda kutazama. Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Kanada kwa kazi yake mwenyewe, waliona kwamba nyota ile yazunguka kwa siku 5.6, ikivutwa na mwenzake mzito asiyeonekana. Mwaka 1972 Webster na Murdin wakasema kwa hadhari kwamba huenda ni shimo jeusi, kitu ambacho hata nuru haiwezi kukitoka. Hesabu zilizotolewa mwaka 2021 zaonyesha kwamba uzito wake ni kama wa jua letu mara 21.

Labda msomaji atasema, "Tukifuata kila tofauti, kazi haitakwisha." Ni kweli kwamba tofauti nyingi ni makosa tu: doa juu ya kioo cha picha, nyota iliyosogea, kalamu iliyoteleza, wanawake wawili wenye jina moja. Usiku usio na mwezi, ukisimama ufukoni Musoma, waona taa za wavuvi wa dagaa mbali ziwani, na nyota zilizoinama hata karibu na maji. Kwa kutazama mara moja huwezi kusema, Hii ni taa, hii ni nyota. Ngoja kidogo: nyota itashuka, taa itabaki. Hatusemi kila tofauti ni ajabu. Twasema tofauti si hukumu. Ni wito wa kwenda kuona.

Tena mama Cannon hakujua nyota ile ingekuja kuwafaa watu kwa jambo gani. Aliandika kwa uaminifu alichokiona. Kwa hiyo, ninyi mshikao vitabu, viwe vya usharika, vya shule au vya ghala la chakula, andikeni kweli hata lile msilolielewa. Na kabla ya kupiga mstari juu ya jina la mtu, inukeni mwende mpaka mlangoni pake.

Yule bibi tulimwandika upya. Mstari wetu wa kwanza hatukuufuta. Tumeuacha katika kitabu cha Butiama, utukumbushe.