Dumu la Oili Lililoharibu Kisima

Kisa hiki nimekitunga kwa ajili ya kufundishia, kwa hiyo hakina jina la mtu wala la kampuni. Kosa lililomo ndani yake si la kutunga. Mafundi wanaoburuta kompresa kutoka kijiji hadi kijiji wanalijua, na wengine wameshalilipia.

Ilikuwa mwezi wa kumi, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Sikonge, kusini mwa Tabora. Mwezi huo mvua bado, vijito vimekauka, na vitalu vya tumbaku vinataka maji. Akina mama huamka alfajiri kuwahi foleni kwenye visima vya kienyeji. Shida hiyo ni ya zamani katika nchi ya Wanyamwezi. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipanga mwendo wake kwa kufuata maji. Hata Stanley, alipoondoka Tabora Septemba 1871 kumtafuta Livingstone akapitia huku kusini, Ugunda, ili akwepe vita vya mtemi Mirambo, alitegemea maji ya njiani kama mpagazi yeyote.

Basi rigi ya kuchimba kisima ilipoingia kijijini, na kompresa kubwa ikivutwa nyuma ya lori, watoto waliikimbilia na wazee wakasogea na vigoda vyao. Huku kwetu chini ya udongo kuna mwamba mgumu, na mwamba huo hautobolewi kwa keekee ya kuzunguka tu. Hutobolewa kwa nyundo iliyo mwisho wa bomba, ndani kabisa ya shimo, inayogongagonga kwa nguvu ya upepo. Upepo uleule ukishapita kwenye nyundo hupanda juu na kuleta vumbi la mwamba, na maji yakipatikana huyarusha nje. Hapo ndipo presha inapodaiwa. Kila mita 10 za maji yaliyosimama ndani ya shimo hukandamiza kwa takriban bar 1. Shimo likiwa na maji ya mita 80, kompresa hutumia bar 8 kuyashinda maji tu, kabla nyundo haijapata chochote. Ndiyo maana kompresa ya fundi pancha hutosheka na bar 8 au 10, na hii ya visima huenda bar 20, 25, hata zaidi.

Siku ya pili ya kazi, kijana msaidizi alichungulia kioo cha oili ya kompresa, akamgeukia mkuu wa kikosi.

"Mkuu, oili imeshuka chini ya alama. Na ile tuliyokuja nayo imekwisha."

"Tumebakiza mita ngapi?"

"Kama thelathini."

"Nenda senta ukachukue dumu la oili ya injini. Ileile ya lori."

"Lakini mkuu, kwenye kibati cha mashine wameandika..."

"Dogo, lori letu lina kompresa ya breki au halina?"

"Linayo."

"Inalainishwa na oili gani?"

"Ya injini."

"Basi nenda."

Kijana akapanda bodaboda. Dumu likaja, likamiminwa, kioo kikajaa, na saa moja ya kwanza kila mtu aliona mkuu ameokoa siku.

Hoja ya mkuu yule haikuwa ya kijinga, na ndiyo sababu ni ya hatari. Ni kweli kompresa ya breki za lori hulainishwa na oili ya injini. Lakini kompresa ile hujaza matangi mpaka bar 8 au karibu na hapo, kisha hupumzika hadi dereva akanyage breki tena. Mara nyingi kichwa chake hupozwa na maji ya rejeta. Pamoja na nafuu yote hiyo, ikichakaa huanza kutema oili kwenye matangi, na dereva mzoefu akifungua koki za chini huona maji yakitoka yamechanganyika na oili. Mkuu aliona neno kompresa katika mashine zote mbili akaishia hapo. Hakuuliza presha ni kiasi gani wala mashine inafanya kazi kwa muda gani bila kupumzika.

Presha ni joto. Dereva yeyote wa dizeli anayo ithibati mbele ya kiti chake: injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Pistoni hubana hewa, hewa huwa ya moto kiasi kwamba dizeli ikinyunyiziwa ndani yake huwaka yenyewe. Sasa fanya hesabu ya mchana wa Sikonge, hewa ikiwa nyuzi joto 30. Ukiibana hewa hiyo kwa mkupuo mmoja mpaka bar 7 bila kuipoza, kwa hesabu ya fizikia hupita nyuzi 250. Ukiibana kwa mkupuo mmoja mpaka bar 25, hukaribia nyuzi 500, na oili za madini kwa kawaida huwaka zenyewe kabla ya kufika huko. Kwa hiyo wanaounda kompresa za presha kubwa hubana hewa kwa awamu na kuipoza katikati, na katika zile za skrubu kama ile ya kisima, humwagia oili nyingi palepale hewa inapobanwa. Oili katika mashine hiyo ina kazi tatu kwa pamoja: kulainisha, kuziba nafasi kati ya skrubu, na kubeba joto kulipeleka kwenye rejeta yake. Kisha inatakiwa iachane na hewa ndani ya tangi la kutenganishia, ili hewa iende kisimani na oili irudi kazini.

Oili ya injini haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Imetiwa sabuni za kushika masizi na uchafu ili vielee mpaka filta ivinase. Ndani ya injini inayochoma mafuta, jambo hilo ni jema. Ndani ya kompresa, sabuni zilezile hushika maji yaliyotoka kwenye hewa, yasijitenge yakashuka chini yakatolewa kwa koki. Katika kompresa za pistoni, viungo vyenye madini vilivyomo kwenye oili hiyo hubaki kwenye vali za kutolea hewa baada ya oili kuungua, vikajenga ukoko mweusi mgumu, kama ukoko wa wali uliosahauliwa jikoni. Vali yenye ukoko haifungi sawasawa. Hewa ya moto hurudi ndani, hubanwa tena, na huwa ya moto zaidi.

Wapo wanaolinganisha uzito tu. Ni kweli kwamba SAE 30 hukaribiana kwa unene na oili ya kompresa ya pistoni iliyoandikwa ISO VG 100, na SAE 40 hukaribiana na VG 150. Namba ya VG hueleza wepesi wa kutiririka kwenye nyuzi 40 na haisemi lolote juu ya kilichotiwa ndani. Katika kompresa za skrubu hata huo uzito hauafikiani: nyingi hutaka VG 46, na oili ya lori ya 15W-40 katika joto hilo ni nzito zaidi ya mara mbili.

Turudi kijijini. Kufikia saa nane mchana oili ilikuwa inatoa povu. Povu halitenganishwi, likapita na hewa likaelekea kwenye bomba. Kioo kikashuka tena, kijana akaongeza tena. Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelifikiria: oili ya awali ilikuwa ya sintetiki ya aina ya glaikoli, na aina hiyo haipatani na oili ya madini. Zikikutana huweza kugeuka ute mzito unaoziba filta na njia za rejeta. Mshale wa joto ukapanda. Swichi ya usalama, ambayo kwenye mashine za namna hii kwa kawaida huzima injini joto likikaribia nyuzi 120, ikazima. Wakasubiri, wakawasha. Ikazima tena.

Hapo mkuu alifanya kosa la pili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko la kwanza. Alichukua kipande cha waya akaiunga swichi dairekti.

Oili isiyofaa ilikuwa imeshaharibu mashine, lakini mashine bado ilikuwa na njia ya kusema. Waya ule uliifunga mdomo. Muda mfupi baadaye moshi mweusi ulitoka kwenye tangi la kutenganishia. Ndani ya tangi hilo mna filta iliyolowa oili, na hewa iliyobanwa, ambayo kwa kila lita ina oksijeni mara nyingi kuliko hewa ya kawaida. Moto ukishika humo, koleo la mchanga halifiki. Bomba la mpira likapasuka, na kijana aliyekuwa amesimama karibu akaungua mkono mpaka kwenye kiwiko. Alipelekwa Hospitali ya Moravian ya Sikonge kwa lori lilelile.

Ajali za aina hii si za vijijini peke yake, wala si za watu wasio na elimu. Injini kubwa za meli huwashwa kwa upepo wa takriban bar 30, na oili inayotoroka kwenye kompresa hulala ndani ya mabomba ya upepo huo kama utando. Oktoba 1960, karibu na Las Palmas, mlipuko katika chumba cha injini cha meli ya Uingereza Capetown Castle uliwaua wahandisi na mabaharia 7. Wanafunzi wa uhandisi wa meli hufundishwa kukagua na kusafisha mabomba ya upepo wa kuwashia.

Na kisima? Oili iliyopita na povu ilishuka na upepo mpaka chini ya shimo. Ni kweli nyundo nayo hupewa oili yake kupitia bomba, lakini kwa kisima cha maji ya kunywa inatakiwa iwe ile isiyodhuru maji, na kwa kipimo kidogo. Iliyoshuka siku ile ilikuwa ya lori, lita kwa lita. Kikosi kingine kilipokuja kumalizia, maji yalitoka yakiwa na utando unaong'aa juu yake na harufu ya gereji. Yalisukumwa nje siku baada ya siku, harufu ikabaki. Kamati ya maji ikafunga kisima, na akina mama wakarudi kwenye foleni ya alfajiri.

Fundi ninayemwandikia haya anaweza kuuliza: nikiishiwa oili porini nifanye nini? Soma kibati na kitabu cha mashine yako. Zipo kompresa za presha ndogo ambazo kitabu chake huruhusu aina fulani ya oili ya injini, na hapo huna kosa. Kama kitabu kinasema sintetiki, au kinataja oili maalumu kwa presha ya juu, basi zima mashine, tuma mtu Tabora, na umwambie mteja ukweli kwamba kazi itachelewa. Mashine ikifika mikononi mwako bila kitabu, uliza iliwekwa oili gani. Usipopata jibu, mwaga yote, badilisha filta, uanze upya kwa oili moja. Beba dumu la akiba lililofungwa, lenye lebo, mbali na madumu ya lori.

Nanyi wanakamati wa maji wa vijiji vya Sikonge, kisima ni chenu na mnayo haki ya kuuliza. Rigi ikifika, kabla injini haijawashwa, ombeni mwoneshwe kibati cha kompresa na dumu la oili, mlinganishe maandishi ya kimoja na ya kingine. Yasipofanana, msiruhusu kazi ianze.